Je, Wajua? Treni Ndogo ya Darjeeling

Je, wajua kuwa reli ya milimani mashuhuri kuliko zote nchini India ilianzia kwenye bei ya mchele? Katika miaka ya 1870, mchele ulionunuliwa Siliguri, kwenye tambarare, ulipofika Darjeeling ulikuwa umepanda bei zaidi ya mara mbili. Kati ya miji hiyo miwili hakufiki hata kilomita 90. Tatizo lilikuwa ni mlima, na mikokoteni ya ng'ombe iliyoukwea siku nenda siku rudi. Chai nayo, kutoka mashamba zaidi ya 100, ilikuwa ikiteremka kwa mwendo huohuo. Franklin Prestage, wakala wa Reli ya Bengali Mashariki, alipiga hesabu zake na kuzipeleka kwa Sir Ashley Eden, Luteni Gavana wa Bengali. Ikaundwa kamati, kamati ikaafiki, na mwaka 1879 kazi ikaanza.

Je, wajua kuwa Prestage hakuchonga njia mpya? Serikali ilikwisha kujenga barabara ya mikokoteni, Hill Cart Road, kwa gharama kubwa. Yeye alitandika reli zake ukingoni mwa barabara hiyohiyo. Ukilijua hili moja, mengine yote ya ajabu kuhusu reli hii yanajieleza. Kona zake ni za mikokoteni, miinuko yake ni ya mikokoteni, na hadi leo reli inakatiza barabara zaidi ya mara 100, mara upande huu, mara upande ule, ikipita hatua chache tu kutoka milango ya maduka.

Ndiyo sababu reli yenyewe ni nyembamba hivyo: milimita 610 kutoka chuma hadi chuma. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ambayo wengi wetu tuliizoea, ina mita moja kamili. Kadiri reli inavyokuwa nyembamba ndivyo treni inavyoweza kukunja kona kali, na kwenye barabara ya ng'ombe kona ndizo zilizojaa.

Machi 1880 Lord Lytton, mtawala mkuu wa India kwa niaba ya Uingereza, alipanda treni hadi Tindharia. Agosti mwaka huo reli ikafika Kurseong, na Julai 1881 ikaingia Darjeeling. Kampuni ya reli hiyo ilikuwa imeandikishwa kama kampuni ya tramu ya mvuke. Kabla ya 1881 kwisha ikajipa jina la heshima zaidi: Darjeeling Himalayan Railway.

Je, wajua kuwa njia nzima haina handaki hata moja? Ndugu yake, reli ya Kalka–Shimla iliyofunguliwa 1903, ilitoboa milima kwa mahandaki zaidi ya 100. Reli ya Nilgiri, kusini, ilitiwa chuma cha meno katikati ili injini ipate pa kung'ata. Darjeeling haikupewa mahandaki wala meno. Ilichopewa ni ujanja wa aina mbili. Wa kwanza ni kitanzi: reli inazunguka duara na kupita juu ya mgongo wake yenyewe. Wa pili ni zigizaga: treni inapanda hadi njia inakoma, inarudi kinyumenyume ikiendelea kupanda, kisha inasonga mbele tena ikiwa ngazi moja juu zaidi. Inasimuliwa kuwa wazo la kurudi nyuma lilitoka kwa mke wa Prestage, alipomwona mumewe amekwama na ramani zake. Ni hadithi tamu, ila zigizaga zilikuwa zikitumika kwenye reli za milimani hapohapo India kabla ya Darjeeling, na mhandisi yeyote wa zama hizo alizifahamu.

Lakini pale inapopanda mita moja kwa kila 23 hivi, na mvua za masika zinaponyesha, ujanja wa ramani hautoshi. Gurudumu la chuma juu ya chuma kilicholowa huteleza. Basi treni ya mvuke ya Darjeeling huchukua watu wawili wanaokaa mbele kabisa ya injini, miguu inaning'inia, wakimwaga mchanga juu ya reli kwa mikono yao. Nyuma yao mwingine hukaa juu ya rundo la makaa akiyaponda vipande, mwingine anachochea moto, na dereva yuko kwenye wenzo wa mvuke. Mabehewa nayo yalikuwa na watu wao wa kukaza breki. Ni kikosi kizima kwa injini ya tani 15 hivi! Na injini hizo, za daraja B, zilianza kuundwa na Sharp, Stewart & Co. mwaka 1889. Muundo uliendelea bila mabadiliko makubwa hadi miaka ya 1920, na baadhi zingali zinafanya kazi.

Je, wajua kuwa moja kati ya injini za kwanza kabisa za aina ya Garratt duniani ilifanya kazi hapa? Beyer, Peacock wa Manchester waliileta mwaka 1911. Wazee wa reli Nairobi na Tabora jina hilo watalitambua mara moja, kwani majitu yaliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1950, yaliyopewa majina ya milima, yalikuwa ya ukoo huohuo.

Darjeeling haikuwa reli nyembamba ya kwanza India. Mwaka 1862, katika himaya ya Baroda, reli ya milimita 762 ilifunguliwa kutoka Dabhoi. Mabehewa yalivutwa na nini? Ng'ombe.

Abiria aliyetoka Kolkata miaka ya 1880 alionja reli za vipimo vitatu katika safari moja. Alianza na reli pana, akavuka mto Padma kwa chombo, akapanda treni ya geji ya mita moja hadi Siliguri, kisha hii ndogo.

Je, wajua kuwa Mark Twain aliteremka mlima huu mwaka 1896 kwa kigari kisicho na injini? Zaidi ya kilomita 50, breki mkononi na mteremko mbele. Aliifurahia mno.

Stesheni ya juu kabisa ni Ghum, mita 2,258 kutoka usawa wa bahari. Darjeeling iko chini yake, kwa hiyo baada ya kukwea kutwa nzima, mgeni anaingia mjini kwa kushuka. Mwaka 1919 kiliongezwa kitanzi cha Batasia ili kulainisha mteremko huo.

UNESCO iliiweka reli hii kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, ikiwa ya pili tu baada ya ile ya Semmering, Austria.

Na walioipenda sinema ya Kihindi kule Unguja na Mombasa wameiona treni hii bila kujua. Katika Aradhana ya 1969, Rajesh Khanna yuko kwenye gari la jeep akimwimbia Sharmila Tagore aliye dirishani mwa behewa, gari na treni sambamba. Hilo liliwezekana kwa sababu reli na barabara ni njia moja. Isipokuwa Sharmila mwenyewe hakuwepo mlimani siku hiyo. Alikuwa ameshikwa na filamu ya Satyajit Ray, na sehemu zake zikapigwa baadaye studio.