Sanduku la barua-pepe limekuwa tupu? Usifute kitu kwanza

Umeme unakatika ghafla, ordinatere inazimika wakati Thunderbird inapokea barua. Umeme ukirudi, unafungua programu: sanduku lenye kuandikwa "Courrier entrant" liko tupu. Ao barua zinaonekana, lakini ukikliki juu ya moja inafunguka ingine, ao ukurasa mweupe.

Kwa chama ao ushirika wa hapa Kalemie wenye mashine moja tu, humo njo mulikuwa ripoti za mradi, majibu ya wafadhili na bei walizopatana na wanunuzi. Lakini mara nyingi barua hazijapotea.

Kitu gani kinaharibika?

Kwa kawaida, Thunderbird inaweka barua zote za sanduku moja mu fishie moja kubwa, jina lake Inbox. Kando yake kuko fishie ndogo, Inbox.msf. Hiyo ndogo ni kama orodha ya mbele ya kitabu: inaonyesha kila barua iko wapi. Umeme ukikatika wakati orodha inaandikwa, inachanganyikiwa. Kitabu kiko, lakini programu haijui pa kufungua.

Hatua za kufuata

Kwanza, kopia. Mu menyu "Aide", chagua "Informations de dépannage", kisha fungua "dossier de profil". Funga Thunderbird kabisa, halafu kopia dosie yote ku diski ya inje. Angalia: flashi nyingi ziko za aina ya FAT32, na hazipokei fishie moja yenye kupita giga 4.

Pili, tengeneza orodha. Fungua Thunderbird, kliki na kitufe cha kuume juu ya "Courrier entrant", ingia mu "Propriétés", bonyeza "Réparer le dossier". Programu itasoma tena barua zote na kuandika orodha mpya. Kama sanduku ni kubwa, hiyo inachukua muda. Hakikisha batri imejaa.

Tatu, kama haikusaidia, funga programu, rudi mu dosie ya profil, ndani ya "Mail" ao "ImapMail", na ufute Inbox.msf peke yake. Thunderbird itaitengeneza upya. Ile Inbox isiyo na .msf usiiguse hata kidogo: barua zenyewe ziko humo.

POP ao IMAP?

Uliza aliyekuwekea programu. Kwa IMAP, barua zinabaki ku serva, mashine inaweka kopi tu. Ukibonyeza "Réparer", inaweza kushusha kila kitu upya, na mega zako zinaisha. Ngoja siku uko na intaneti ya kutosha. Kwa POP, barua zinashuka mu mashine, na pengine hazibaki ku serva. Hapo fishie yako inaweza kuwa kopi ya pekee duniani. Kwa hiyo hatua ya kwanza hairukwi.

Wenye kutumia Outlook na fishie ya .pst, kuko programu ndogo ya Microsoft, SCANPST.EXE, inayofanya kazi kama hiyo. Nao pia wakopie kwanza.

Isirudie tena

Barua unayofuta mu Thunderbird haitoki mara moja ndani ya fishie. Inaondoka kabisa wakati unafanya "Compacter". Fanya hivyo mara kwa mara, kisha kukopia. Hamisha barua za zamani mu dosie za kila mwaka, ili Inbox ibaki nyepesi. Chunga pia antivirusi: ikikuta barua moja mbaya, inaweza kufungia fishie nzima. Na kama biro inaweza, inunue ondulere: inakupa dakika chache za kufunga programu vizuri umeme ukienda.

Kisha, chagua siku moja ya juma ya kukopia, na diski hiyo isilale mu nyumba moja na mashine.