Sura ya Kaisari: Sarafu ya Shaba ya Kirumi kama Matini

Linapotajwa neno matini, aghalabu mwanafunzi wa fasihi huwazia riwaya, utenzi au tamthilia. Ni nadra awazie sarafu. Hata hivyo, sarafu za shaba za dola ya Kirumi zilikuwa na dhamira na hadhira, na hadhira hiyo ilijumuisha hata wasiojua kusoma. Dhahabu na fedha zilihusu malipo makubwa. Shaba ndiyo iliyonunua mkate sokoni.

Tangu enzi ya Augustus, sesterti ilifuliwa kwa shaba na zinki, iking'aa mithili ya dhahabu, ilhali asi, iliyokuwa robo ya thamani yake, ilikuwa ya shaba nyekundu. Kichwa cha mtawala kilizungukwa na vifupisho vya vyeo vyake: IMP, CAES, AVG.

Utamu wa matini hii umo katika usawiri. Augustus alifariki mwaka wa 14 B.K. akiwa na umri wa miaka 75, lakini sarafuni hakuzeeka kamwe. Nero, aliyetawazwa mwaka wa 54 akiwa kijana wa miaka 16, alinenepa mbele ya macho ya raia hadi kidevu na shingo vikakaribia kuwa kitu kimoja. Tusidhani mchongaji alimkejeli mfalme; sarafu hizo zilitoka katika viwanda vya dola yenyewe, na unene ule waweza kusomwa kama ishara ya neema. Nero alipojiua mwaka wa 68, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka. Vespasianus, aliyeshinda mwaka wa 69, alijitokeza na kipara na makunyanzi ya askari mzee. Hapa kipara ni hoja: mimi si Nero.

Je, hadhira iliweza kujibu? Caligula aliuawa mwaka wa 41, na mwanahistoria Cassius Dio asimulia kwamba baadaye Seneti iliamuru sarafu zake za shaba ziyeyushwe. Nyingi zingalipo hadi leo, kwa hivyo amri hiyo haikutimizwa kikamilifu. Jibu kali zaidi latoka Stratonicea, katika Uturuki ya leo. Sarafu za huko ziliwaonyesha ndugu wawili, Caracalla na Geta, wakitazamana. Geta alipouawa mwaka wa 211 kwa amri ya kakaye, uso wake ulikwanguliwa na sarafu zikaendelea kutumika. Caracalla angali analitazama kovu.