Kununua jina la biashara: Piga hesabu kabla ya kutia saini

MTEJA anayeingia Kenyatta Market, kando ya barabara ya Mbagathi jijini Nairobi, aghalabu hufuata mambo mawili: nyama choma au ususi wa nywele. Wengi huelekea moja kwa moja kwa mchomaji au msusi waliyemzoea, kwani sifa ya kibanda imejengwa kwa miaka mingi na mikono ya mwenyewe.

Hata hivyo, mfanyabiashara mwenye akiba, au aliyeahidiwa mkopo na chama cha akiba na mikopo, anaweza kujiuliza iwapo ni busara kuendelea hivyo au kununua jina ambalo tayari linajulikana. Mpango huo ndio uitwao franchaizi.

Franchaizi ni mkataba ambapo mwenye jina la biashara humruhusu mtu mwingine kulitumia, pamoja na mbinu zake za kazi, kwa malipo. Mnunuzi hutoa mtaji wake, hukodi mahali, huajiri wafanyakazi na hubeba hasara ikitokea. Mwenye jina naye hutoa mafunzo, taratibu na matangazo.

Mpango huu si mgeni nchini. KFC ya Marekani ilifungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka wa 2011 kwa njia hii. Maduka ya Carrefour, yenye asili ya Ufaransa, yaliingia mwaka wa 2016 kupitia kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyopewa haki ya kulitumia jina hilo.

Wengi huchanganya franchaizi na uwakala. Wakala wa M-Pesa hulipwa kamisheni kwa kila huduma anayotoa. Mnunuzi wa franchaizi, kinyume chake, ndiye anayelipa: kwanza ada ya kujiunga, kisha mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo, na mara nyingi mchango wa matangazo.

Neno la kuzingatia hapo ni mauzo. Mrabaha hukatwa kwenye fedha zote zinazoingia, hata mwezi ambao faida haikupatikana.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Tuseme mkahawa mdogo unauza chakula cha Sh600,000 kwa mwezi. Nusu ya fedha hizo, Sh300,000, hununua nyama na bidhaa nyingine. Kodi ya ukumbi ni Sh70,000, mishahara Sh110,000, na umeme, maji na gesi Sh30,000. Zinabaki Sh90,000. Mwenyewe akilipa mkopo kwa Sh50,000 kila mwezi, anabaki na Sh40,000.

Sasa tuseme mkahawa huo umekodi jina kwa mrabaha wa asilimia sita na mchango wa matangazo wa asilimia tatu. Makato hayo ni Sh54,000. Zinabaki Sh36,000, ambazo hazitoshi hata kulipa mkopo.

Ili mwenyewe abaki na zile Sh40,000 alizokuwa akipata bila jina la kukodi, mauzo yanapaswa kufika takriban Sh732,000. Kwa maneno mengine, jina hilo ni sharti limletee wateja wa ziada wa Sh132,000 kila mwezi, nayo ada ya kujiunga bado haijahesabiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni uhuru. Mwenye jina huamua bidhaa zinunuliwe wapi, zipikwe vipi na ziuzwe bei gani. Januari 2022, mikahawa ya KFC nchini iliishiwa na viazi vya kukaanga kwa sababu shehena kutoka ng'ambo ilichelewa, ilhali wakulima wa Kenya walikuwa na viazi. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake hulazimika kwanza kuidhinishwa kwa viwango vyake vya kimataifa. Mchomaji wa Kenyatta Market akikosa mbuzi kwa muuzaji mmoja, humwendea mwingine asubuhi hiyo hiyo.

Tatu ni sheria. Kenya haina sheria mahususi ya franchaizi, kwa hivyo ulinzi mkubwa wa mnunuzi ni mkataba wenyewe. Kabla ya kutia saini, mwombe wakili akusomee na upate majibu ya maswali haya:

Je, alama ya biashara imesajiliwa na taasisi ya KIPI? Usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa, na jina lisilosajiliwa ni vigumu kulitetea.

Je, mkataba ni wa miaka mingapi, na unaweza kuuza biashara yako kwa mwingine? Je, mwenye jina anaweza kufungua tawi jingine karibu nawe?

Je, nani atabeba kodi ya zuio? Mrabaha hukatwa asilimia tano ukilipwa mkazi wa Kenya, na asilimia 20 ukilipwa asiye mkazi. Anayelipa ndiye mwenye wajibu wa kuiwasilisha kwa KRA, na mikataba mingine humtwika gharama hiyo.

Zaidi ya hayo, watembelee walionunua jina hilo mbele yako, hasa waliokwisha kuacha, uwaulize mauzo yao yalikuwaje mwaka wa kwanza.

Franchaizi humfaa zaidi asiye na ujuzi wa kazi anayoianza, aliye tayari kufuata maagizo, na ambaye akiba yake inaweza kustahimili miezi ya mauzo hafifu. Kwa mwenye ujuzi na wateja wake tayari, huenda hatua ya kwanza ikawa kusajili jina lake mwenyewe, kuandika taratibu za kazi yake na kufungua kibanda cha pili. Taratibu hizo zikifanya kazi mahali pawili, siku moja huenda akawa yeye ndiye anayelipwa mrabaha.