Mti wa Krismasi Uliojengwa ili Ufumuliwe

Bukoto, mtaa ulioko kaskazini mashariki ya kitovu cha Kampala katika Tarafa ya Nakawa, umepakana na Kamwokya, Ntinda, Naguru na Kisaasi, na katika eneo dogo hukutanisha majengo ya ghorofa, hoteli, baa, maduka, shule na vyumba vya kupanga. Mchanganyiko huo una maana kwa mada inayojadiliwa hapa, kwa sababu kila aina ya jengo hutoa taka za namna yake: maboksi na magazeti hutoka ghorofani na madukani, chupa na vizibo hutoka baani, na majani makavu ya migomba hubaki pale matoke yanapopakuliwa. Desemba inapokaribia, mkazi wa mtaa huu anaweza kupata karibu malighafi yote ya mti wa Krismasi kabla hajatoa shilingi mfukoni. Hata hivyo, mti wa taka haupimwi kwa uzuri wake wa Desemba peke yake. Hupimwa pia kwa urahisi wa kuufumua Januari, kwa kuwa mti usiofumulika huwa umezichelewesha taka kwa wiki chache tu kabla hazijarudi jalalani.

Desturi ya kupamba mti wakati wa Krismasi ilikomaa katika nchi za Wajerumani kati ya karne ya 16 na ya 17, kisha ikapata umaarufu Uingereza hasa kuanzia mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapisha mchoro wa Malkia Victoria, mumewe Albert aliyekuwa Mjerumani, na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti uliopambwa. Uganda iliupokea Ukristo kwa wamisionari wa Kianglikana waliofika Buganda mwaka 1877 na kwa Mapadri Weupe wa Kikatoliki waliofika mwaka 1879, na desturi za sikukuu za Ulaya zikafuata kidogo kidogo nyuma ya ibada. Kwa kuwa misonobari ya Ulaya haikuota hapa, nafasi yake ilichukuliwa na tawi la mberoshi, mti wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati uliopandwa kwa wingi Afrika Mashariki enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao na uzio. Baadaye ikaja miti ya plastiki kutoka viwanda vya ng'ambo, ambayo majani yake mara nyingi ni ya plastiki ya PVC iliyosokotwa pamoja na waya wa chuma, muungano ambao hufanya iwe vigumu kuitenganisha na kuichakata inapochakaa.

Suala la taka si dogo mjini Kampala. Jalala la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 katika Wilaya ya Wakiso, ndilo lililopokea taka za jiji kwa miaka mingi hadi tarehe 10 Agosti 2024, rundo lake lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Taka zisizofika jalalani huishia mitaroni, ambamo chupa na kaveera, yaani mifuko laini ya plastiki, huziba njia ya maji yanayoteremka kutoka vilimani kwenda kwenye vinamasi vya Lubigi na Nakivubo, na yale ya Nakivubo humwagika katika Ziwa Victoria. Uganda ilipiga marufuku kaveera zenye unene wa chini ya maikroni 30 tangu mwaka 2009, lakini utekelezaji wake umesuasua, ilhali Kenya iliweka katazo lake mwaka 2017 na Tanzania ikafuata mwaka 2019.

Sanaa ya kutumia vilivyotupwa ina mizizi imara katika jiji hili. Sanaa Gateja, msanii aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, alijipatia sifa kwa shanga za karatasi, zinazotengenezwa kwa kukata karatasi iliyokwisha tumika katika vipande virefu vya pembetatu, kuviringisha kila kipande juu ya sindano kuanzia upande mpana, kukigandisha kwa gundi na kukipaka vanishi. Mwaka 2024 kazi zake zilikuwa miongoni mwa zile zilizoiwakilisha Uganda katika maonyesho ya sanaa ya Venice. Ufundi wa shanga hizo umewapatia riziki wanawake wengi wa Kampala, wakiwemo waliokimbia vita vya kaskazini na kuishi Kireka. Naye Ruganzu Bruno Tusingwire alipata mwaka 2012 tuzo ya City 2.0 ya taasisi ya TED kwa wazo la kuwajengea watoto wa makazi duni ya Kampala viwanja vya michezo kwa vifaa vilivyotupwa. Fundi wa mti wa Krismasi anayeanza leo, basi, hafanyi jambo geni, na shanga za karatasi zilizotungwa kwenye uzi ni pambo lililo tayari kwa mti wake.

Mti unaojengwa zaidi kwa taka ni ule wa chupa za plastiki, na ujenzi wake huanza kwa hesabu. Umbo lake ni koni, yaani umbo lenye kitako cha mviringo linalochongoka kuelekea juu, na chupa ya maji ya nusu lita ina upana wa takriban sentimita 6.5. Mti wenye kimo cha mita 1.5 na upana wa sentimita 70 chini una mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo safu ya kwanza huchukua chupa 34 zilizolazwa vitako vikitazama nje, na safu zinazofuata hupungua kwa chupa moja au mbili hadi kileleni, jumla ikikaribia chupa 400. Kwa kuwa shingo za chupa husongamana katikati kadiri mti unavyopungua upana, safu za juu huhitaji chupa zilizokatwa na kubakizwa kitako tu. Kitako cha chupa ya soda hufaa zaidi kwa kazi hiyo, kwa sababu kimeundwa kwa vifundo vitano vinavyokizuia kisibinuke kwa msukumo wa gesi, na kikikatwa hutoa ua la petali tano. Makali ya plastiki iliyokatwa hulainishwa kwa kuyagusisha kwenye pasi yenye moto wa wastani, kazi inayopaswa kufanywa na mtu mzima mahali penye hewa ya kutosha. Kiunzi huundwa kwa nondo nyembamba au mianzi iliyozungushiwa pete za waya, na chini huwekwa tairi kuukuu lililojazwa kokoto ili mti usipinduke.

Hapa ndipo uamuzi kuhusu Januari unapofanywa, kwa kuwa namna ya kuunganisha ndiyo inayoamua hatima ya vifaa. Mwili wa chupa ni wa plastiki iitwayo PET, yenye namba 1 ndani ya alama ya pembetatu, na kifuniko chake ni cha plastiki nyingine, kwa kawaida yenye namba 2 au 5. Viwandani aina hizo hutenganishwa kwa maji baada ya kusagwa, kwani PET huzama na plastiki ya vifuniko huelea, lakini rangi ya kupuliza na gundi nzito huichafua PET na kuishusha thamani. Kwa sababu hiyo, chupa hufungwa shingoni kwa waya badala ya kugandishwa, na rangi hupatikana kwa kuchagua chupa zilizotoka kiwandani zikiwa za kijani. Mti wa maboksi hufuata kanuni hiyohiyo: vipande viwili vya pembetatu hukatwa mwanya hadi nusu ya kimo, kimoja kuanzia juu na kingine kuanzia chini, kisha huchomekwa kimoja ndani ya kingine vikasimama bila gundi, na sikukuu ikipita hulazwa bapa na kuhifadhiwa. Nyuzi za mgomba na vipande vya lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, hufaa kwa matawi na mapambo, na vikichakaa huoza bila kudhuru udongo. Vifaa vyote hivyo hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo mishumaa haifai kabisa, na taa ndogo za LED, ambazo hupata joto kidogo sana, ndizo salama zaidi.

Katika mji wa Kaunas nchini Lithuania, mwaka 2011, ulisimamishwa mti wa mita 13 uliotengenezwa kwa chupa takriban 40,000. Ukubwa wa namna hiyo huvuta macho, lakini kwa mtaa kama Bukoto hesabu ndogo hufundisha zaidi. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa takriban gramu 10 hadi 20, hivyo mti wa chupa 400 una kilo 4 hadi 8 tu za plastiki, kiasi ambacho wanunuzi wa plastiki, wanaolipa kwa kilo, hawatakitolea fedha nyingi. Faida yake iko katika maandalizi. Kwa kuwa familia nyingi za Kampala huondoka kwenda vijijini kwa ajili ya Sekukkulu, kama Waganda wanavyoiita Krismasi, mti wa pamoja wa jengo, kanisa, shule au ofisi lazima uanze kukusanyiwa vifaa Novemba, na hapo wakazi hujikuta wakitenga chupa, vifuniko na karatasi kila moja mahali pake. Baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, waya hufunguliwa, taa na shanga hurudishwa sandukuni, na chupa huuzwa. Jengo lililofika hatua hiyo tayari lina magunia, mahali pa kuyaweka na mnunuzi anayejulikana, na hizo ndizo nyenzo zote linazohitaji ili liendelee kutenganisha taka zake katika miezi 11 isiyo na Krismasi.