Je, Wajua? Kombi ya Zamani Inapogoma Njiani

Je, wajua kwamba kombi ya Volkswagen ilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuitia vitanda na makabati? Brazil iliendelea kuiunda hadi 2013. Ziko nyingi bado barabarani, na wenye nazo wanauliza swali lile lile: mbona inazima?

Je, wajua kwamba tangi lisilopumua huzima injini? Petroli inapotoka, hewa lazima iingie. Tundu la hewa likiziba, kombi hutembea vizuri kwa muda, kisha hukata. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka tena, ugonjwa umeupata bila kushika spana.

Je, wajua kwamba kabureta husingiziwa mara nyingi? Kabureta nyingi za Solex zina vali ndogo ya umeme inayopitisha petroli gari likiwa limesimama linavuma. Injini ikizima kila ukiachia mafuta, fungua swichi bila kuwasha, chomoa waya wa vali hiyo, kisha uurudishe. Isipolia “tak”, pima waya na vali kabla hujafungua kabureta.

Kombi zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1975 hazina kabureta kabisa. Zina mfumo wa Bosch L-Jetronic, unaonyunyiza petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukifungua swichi tu, pampu yake ya petroli hukaa kimya. Hungoja stata izunguke, au hewa isukume kibao kilicho ndani ya kipima hewa. Basi toa filta ya hewa, fungua swichi, ingiza kidole na usukume kibao hicho taratibu. Pampu ikivuma, umeme wake ni mzima. Ikinyamaza, tafuta kwenye rilei na nyaya. Kisha funga geji ya presha ya petroli: injini ikiwa inavuma na mpira wa vakyumu wa regyuleta umechomolewa, isome karibu bari 2.5.

Je, wajua kwamba kwenye mfumo huo kifuniko cha oili kinaweza kuharibu mwendo wa injini? Kompyuta hukadiria petroli kwa hewa iliyopita kwenye kipima hewa. Kifuniko kisichobana, au dipstiki ambayo mpira wake umekufa, huingiza hewa isiyopimwa, na mchanganyiko hupungukiwa petroli. Usinunue nozeli hata moja kabla ya kukagua vitu hivyo viwili.

Na plagi zikitoka nyeusi kwa masizi? Tazama waya wa sensa ya joto la injini. Ukikatika, kompyuta hudhani kuna baridi kali na kumwaga petroli kupita kiasi.

Je, wajua kwamba kwenye kombi za miaka ya 1970 tangi halitoki mpaka injini ishushwe? Kwa hiyo injini ikishushwa kwa ajili ya klachi, safisha kutu ya tangi na ubadilishe mipira yote ya petroli siku hiyo hiyo.

Hiyo mipira ndiyo jambo kubwa kuliko yote haya. Injini iko nyuma, dereva yuko mbele. Petroli inaweza kudondokea injini ya moto naye asijue. Ethanoli iliyochanganywa kwenye petroli ya siku hizi hula mipira ya zamani, na ile iliyovikwa kitambaa huficha nyufa zake. Ikunje kwa vidole: ikionyesha mistari ya kupasuka au ikiwa migumu, itupe. Nunua yenye alama ya 30R9, inayostahimili presha ya mfumo wa nozeli. Injini nyingi za cc 1600 zina kasha la magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto, maji huuchochea. Moto uwahiwe ungali wa petroli. Kagua mipira kabla ya safari yako ijayo, na uweke kizimamoto cha poda karibu na kiti cha dereva.