Chikanda: Jina, Kiazi na Ua

Neno chikanda, ambalo mjini Tunduma limeenea kutokana na biashara ya kuvuka mpaka kwenda Zambia, hutaja kiazi cha okidi na vilevile chakula kinachopikwa kwa unga wa kiazi hicho pamoja na karanga. Mtunga kamusi akilifasili kuwa ni "aina ya okidi" atakuwa amepotoka, kwani neno hilo hukusanya spishi nyingi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria.

Chanzo cha upotofu huo ni sampuli. Sokoni hufika kiazi pekee, na viazi hivyo hufanana mno. Mtaalamu wa mimea hutegemea ua. Ua la Satyrium lina vichomozo viwili mithili ya pembe, vinavyotoka kwenye petali iliyojikunja kama kofia. La Disa huwa nacho kimoja, tena kwenye sepali ya juu. La Habenaria kimoja pia, ila hutoka kwenye petali ya chini. Mchimbaji, kwa upande wake, huainisha kwa kigezo cha kuliwa, nacho si kigezo duni.

Vinasaba huweza kutambulisha hata kiazi kilichokwisha kupikwa, lakini havisemi msemaji alikusudia mmea upi. Kwa hiyo mtafiti wa msamiati hana budi kufuatana na mchimbaji hadi mbugani wakati wa kuchanua, akaushe mmea mzima, na kila sampuli aiandikie jina, lugha ya aliyelitaja, na rangi ya ua, ambayo hufifia karatasini. Kibali ni lazima: kuchimba kiazi ni kuua mmea, biashara ya okidi kimataifa hudhibitiwa na Mkataba wa CITES, na Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005.