Rangi ya shamba isivuke mupaka

Wasomi wenzangu, wengi wetu tunachora plani ya mashamba katika Inkscape, juu iko ya bure. Unachora pande ine moja moja, unaweka rangi, kisha unashangaa: pande zilizonyooka hazipati kitu, ule upande unaofuata muto unajaa rangi peke yake kama tumbo.

Sababu ni hii. Kwa macho yetu, mistari ine inayogusana ni shamba moja. Kwa programu, ni njia ine, kila moja iko na ncha mbili wazi. Ukijaza rangi njia iliyo wazi, programu haikatai: inahesabu kama vile kuna mustari ulionyooka toka ncha moja mpaka ingine, inajaza katikati.

Dawa iko na hatua mbili. Chagua mistari yote, bonyeza Ctrl+K. Inakuwa kitu kimoja, lakini ncha bado hazijashikana. Wengi wanaishia hapo. Sasa chukua chombo cha nodi kwa F2, zungushia ncha mbili za kona, bonyeza Shift+J. Fanya hivyo kona zote ine. Angalia: ncha zilizoachana zinakutana katikati, kwa hiyo zikaribishe kwanza pale mupaka unapopita kweli.

Mimi agronome, kwangu hii si urembo tu. Huku watu wanagombana juu ya mita mbili. Plani yenye rangi iliyoingia kwa jirani, ikifika kwa chefu, inaweza kusomwa kama madai. Funga njia kwanza, rangi baadaye.